Jinsi ya kupima mtetemo wa molekuli moja inayopitiwa na umeme: mwongozo kamili

Ukiibana molekuli moja kati ya vipande viwili vya metali na kupitisha umeme, elektroni nyingi huvuka bila kuacha chochote. Chache, pengine moja katika kila mia, huacha sehemu ya nishati yake ndani ya molekuli, na molekuli hutetema kwa nguvu ambayo haikuwa nayo kabla. Tukio hilo huacha alama ndogo sana kwenye mkondo wenyewe. Huhitaji mwanga wala lenzi kuiona. Unahitaji baridi kali, pengo lililotulia, na subira ya kupima mkondo kwa uangalifu kuliko ulivyozoea.

Alama hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966, pale R. C. Jaklevic na J. Lambe, wakiwa katika maabara ya utafiti ya kampuni ya Ford nchini Marekani, walipopima umati wa molekuli zilizonaswa kwenye utando wa oksidi kati ya metali mbili. Ilipita miaka 32 ndipo Barry Stipe, Mohammad Rezaei na Wilson Ho wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaipata kwa molekuli moja tu, ya asetilini iliyolala juu ya shaba. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili. Nimeuandika kwa mwanafunzi wa fizikia au kemia anayejiandaa kuingia maabara ya aina hii, na kwa yeyote anayekutana na michoro ya vipimo hivi na kutaka kuipima kwa akili yake mwenyewe.

Shika kanuni moja tangu sasa, maana kila hatua itairudia: volteji huchagua mtetemo upi uamke, na mkondo huamua uamshwe mara ngapi. Anayeyachanganya mambo hayo mawili hupotea mapema, na hujikuta akiita joto kile kilicho kizingiti, au akiita kizingiti kile kilicho kelele.

Hatua ya 1: Jua nishati za molekuli yako kabla ya kugusa kifaa

Kila kifungo cha kemikali kina mtetemo wake, na mtetemo haupokei nishati kidogo kidogo upendavyo. Hupokea kwa mafungu kamili yaitwayo kwanta. Fungu moja likiwa na nishati fulani, elektroni haiwezi kulitoa mpaka volteji iipe angalau nishati hiyo. Kwa kuwa elektroni moja ikivuka volti 1 hupata elektronivolti 1, kipimo kinajisoma chenyewe: mtetemo wa milielektronivolti 100 (meV 100) huamka volteji ikifika milivolti 100. Chini ya hapo, hata ukiongeza mkondo mara kumi, elektroni mojamoja haiwezi kuuamsha.

Wanakemia wamekuwa wakipima mitetemo hii kwa mwanga wa infraredi kwa miaka mingi, kwa hiyo majedwali yapo. Wao huandika kwa cm⁻¹. Gawanya kwa 8.066 upate meV. Ukitaka frikwensi, zidisha meV kwa 0.2418 upate terahezi, yaani trilioni za mitetemo kwa sekunde.

Hizi ndizo namba zinazofaa kukaa kichwani. Kujinyoosha kwa kifungo cha kaboni na haidrojeni katika asetilini juu ya shaba ni meV 358, sawa na terahezi 86.6. Kujinyoosha kwa kaboni monoksidi juu ya shaba ni karibu meV 256, na molekuli hiyohiyo ina mtetemo mwingine wa kuyumba mahali pake, karibu meV 35. Pete ya benzini ina mtetemo karibu na meV 200. Kifungo cha oksijeni na haidrojeni kiko karibu na meV 450. Chini kabisa ya orodha wako wazito: mpira mzima wa kaboni 60, yaani C60, ukidunda juu ya dhahabu una meV 5 tu.

Andika orodha ya mitetemo unayoitarajia, kutoka ya chini hadi ya juu, na uitie tarehe. Orodha iliyoandikwa kabla ya kipimo ni kinga kubwa, kwa sababu jicho la binadamu hupata kilele, yaani mwinuko kwenye mchoro wa kipimo, mahali popote linapokitafuta.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya baridi

Hapa ndipo wengi huanguka, na sababu yake si uhodari wa mikono. Elektroni katika metali yenye joto hazianzi safari zote kwenye nishati moja. Kizingiti kilicho kikali kama ukingo wa meza huonekana kimesambaa. Upana wa kilele unaoletwa na joto pekee ni 5.4 mara kT, ambapo k ni kisobadilika cha Boltzmann na T ni jotoridi kwa kelvini.

Ukiweka namba ndani yake, kwenye joto la chumba, kelvini 300, upana ni karibu meV 140. Mtetemo wa meV 130 na wa meV 200 vitakuwa kilima kimoja kisicho na umbo. Kwenye naitrojeni ya majimaji, kelvini 77, upana ni karibu meV 36. Kwenye heliamu ya majimaji, kelvini 4.2, unashuka hadi karibu meV 2. Ndiyo maana kazi hii karibu yote hufanywa kwenye heliamu. Mtu anayekuonyesha vilele vyembamba vya upana wa meV 10 na kusema alivipima kwenye joto la chumba, muulize upya.

Baridi ina faida ya pili. Kwenye kelvini 4.2, kT ni meV 0.36 tu, kwa hiyo mtetemo wa makumi ya meV umelala kabisa kwenye ngazi yake ya chini. Ukiamka, unajua aliyeuamsha ni elektroni.

Kipimo chenyewe nacho huongeza upana. Tutaona kwenye Hatua ya 5 kwamba volteji hutikiswa kidogo kwa wimbi dogo ili kupata ishara. Wimbi hilo huongeza upana wa mara 1.7 ya kimo chake cha rms, yaani kipeuo cha pili cha wastani wa miraba yake. Wimbi la milivolti 5 rms huleta meV 8.5. Upana huo hujumlishwa na ule wa joto kwa kuchukua miraba, kujumlisha, kisha kipeuo cha pili. Kwa hiyo kwenye kelvini 4.2 na wimbi la milivolti 2, usitarajie kilele chembamba kuliko karibu meV 4. Ukikiona, si mtetemo. Ni kelele au hitilafu ya umeme.

Hatua ya 3: Tengeneza pengo la saizi ya molekuli

Zipo njia tatu zinazotumika kweli, na chaguo lako litategemea swali unalouliza.

Ya kwanza ni hadubini ya upenyaji, ile iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer kwenye maabara ya IBM ya Zurich mwaka 1981 na kuwapa tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ncha kali ya metali hushikiliwa chini ya nanomita moja juu ya molekuli, ndani ya ombwe safi na baridi. Elektroni hupenya pengo bila kugusana. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaiona molekuli kabla ya kuipima, na unaweza kusogeza ncha pembeni hadi kwenye metali tupu na kupima tena. Hakuna njia nyingine inayokupa ushahidi wa moja kwa moja kama huo. Kama lengo lako ni kuelewa mtetemo wenyewe, anza hapa.

Ya pili ni kuvunja waya. Waya mwembamba wenye mkato hubandikwa juu ya kibao kinachopinda. Kibao husukumwa katikati kutoka chini huku kikizuiwa kwenye pande zake mbili, waya unajinyoosha, unabaki atomu moja, kisha unakatika. Molekuli zilizopo karibu huingia pengoni. Siri ya njia hii iko kwenye jiometri: katika vifaa vilivyochorwa kwa teknolojia ya chipu, kisukuma kikisogea mikromita 1, pengo hubadilika kwa takriban pikomita 10. Mtikisiko wowote wa jengo hupunguzwa kwa uwiano huohuo, na pengo hutulia kwa saa nyingi. Unaweza kuivuta molekuli taratibu huku ukipima, jambo litakalokufaa sana kwenye Hatua ya 6.

Ya tatu ni kuukata waya mwembamba kwa kuusukumia mkondo mkubwa mpaka atomu zake zihame na pengo lifunguke. Hufanywa juu ya chipu yenye geti chini yake, yaani elektrodi ya tatu inayosogeza ngazi za nishati za molekuli bila kupitisha mkondo, kwa hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kujenga transista ya molekuli moja. Udhaifu wake ni mmoja na ni mzito: vipunje vya dhahabu hubaki pengoni na huweza kuiga tabia ya molekuli. Usiichague njia hii kama huna haja ya geti.

Hatua ya 4: Hakikisha kuna molekuli, na ni moja

Upitishaji wa umeme wa njia moja kamili ya kikwanta una thamani isiyobadilika: maikrosimensi 77.5, yaani ukinzani wa kiloomu 12.9. Huandikwa G₀. Kila kitu utakachopima, kiandike kwa kipimo hicho.

Chukua mfano wa platinamu na haidrojeni, uliochapishwa na kundi la Jan van Ruitenbeek wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 2002. Waya wa platinamu wenye atomu moja hupitisha zaidi kidogo ya 1.5 G₀. Gesi ya haidrojeni ikiingizwa, thamani hiyo hufifia na nyingine huibuka karibu na 1 G₀. Molekuli moja ya haidrojeni imekaa kama daraja. Kwa molekuli kubwa zaidi upitishaji hushuka sana: benzini yenye ncha mbili za amini (vikundi vya naitrojeni na haidrojeni) kati ya dhahabu hupitisha karibu 0.0064 G₀, sawa na ukinzani wa takriban megaomu 2.

Usiridhike na pengo moja. Funga na fungua waya maelfu ya mara, kila mara ukirekodi upitishaji, kisha chora histogramu. Thamani inayojirudia ndiyo alama ya molekuli yako. Ndipo utafute pengo lililotulia kwenye thamani hiyo na usimame hapo. Kwa hadubini kazi ni nyepesi zaidi: picha inakuonyesha kitu kimoja, nawe unaweka ncha juu yake.

Hatua ya 5: Pima badiliko la mteremko, si mkondo tu

Chora mkondo dhidi ya volteji na huenda usione kitu. Elektroni zinapopata uwezo wa kuamsha mtetemo, njia ya ziada hufunguka, na mstari huinama kidogo sana. Upitishaji, yaani mteremko wa mstari, huruka kwa asilimia chache. Ukichora jinsi mteremko unavyobadilika, mruko huo hugeuka kuwa kilele. Hicho ndicho unachokitafuta.

Kukokotoa mabadiliko hayo kutoka kwenye data ghafi hukuza kelele kuliko ishara. Njia iliyozoeleka ni hii. Juu ya volteji inayopanda polepole, ongeza wimbi dogo la saini lenye frikwensi moja, kwa mfano mamia machache ya hezi. Kisha tumia amplifaya ya lokini, inayosikiliza frikwensi moja na kupuuza nyingine zote. Ishara iliyo kwenye frikwensi ileile uliyotuma inalingana na mteremko. Ishara iliyo kwenye frikwensi mara mbili yake inalingana na badiliko la mteremko. Rekodi zote mbili kwa pamoja, pamoja na mkondo wenyewe.

Frikwensi ichaguliwe kwa akili. Epuka vigawe vya 50 au 60 hezi, kulingana na umeme wa gridi uliko, na epuka frikwensi ambazo hadubini au bomba la ombwe hutikisika nazo. Ukitumia hadubini, zima mfumo unaorekebisha urefu wa ncha kabla ya kuanza kupandisha volteji, la sivyo utafuta kilekile unachopima.

Kimo cha wimbi ni mapatano magumu. Ishara kwenye frikwensi mara mbili hukua kwa mraba wa kimo. Ukikipunguza kimo kwa nusu ili vilele viwe vyembamba, ishara hushuka mara nne, na kwa kuwa kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha muda tu, utahitaji muda mara kumi na sita kupata usafi uleule. Ushauri wangu: anza na milivolti 7 au 8 upate ramani ya jumla, kisha shuka hadi milivolti 2 au 3 kwenye sehemu zinazokuvutia tu.

Kabla ya kuamini chochote, toa molekuli kwenye saketi na uweke kizuia-umeme cha kawaida chenye ukinzani unaokaribiana. Kizuia-umeme kina mstari mnyoofu, hivyo ishara ya frikwensi mara mbili inapaswa kuwa sifuri. Ikiwa si sifuri, chanzo chako cha wimbi au amplifaya inaizalisha yenyewe, na vilele vyako vya kesho vitakuwa vyake. Kipimo hiki ni cha dakika chache na nakihesabu kuwa cha lazima kuliko vyote.

Mwisho wa hatua hii, gawanya ishara ya pili kwa ile ya kwanza ili kuondoa tofauti za ukubwa wa mkondo kati ya pengo moja na jingine. Kwenye hadubini, toa pia mchoro uliopimwa juu ya metali tupu kwa ncha ileile.

Hatua ya 6: Mfanye kila kilele ajitetee

Kilele kwenye nishati uliyoitarajia bado ni dai. Mpe mitihani minne.

*Ulinganifu.* Kizingiti cha mtetemo hakijali elektroni zinaelekea wapi. Kilele kwenye milivolti +358 lazima kiwe na bonde kwenye milivolti −358. Ukubwa unaweza kutofautiana kama molekuli imeshikwa vizuri zaidi upande mmoja, lakini mahali pake ni palepale. Alama inayotokea upande mmoja tu mara nyingi hutokana na ngazi za elektroni, yaani nishati ambazo elektroni zinaweza kukaa nazo ndani ya molekuli, si mtetemo.

*Isotopu.* Huu ndio mtihani ninaouheshimu kuliko yote. Badilisha haidrojeni kwa deuteriamu, ambayo kikemia ni ileile ila ni nzito maradufu. Umbo la molekuli halibadiliki, elektroni zake hazibadiliki, mtetemo pekee ndio unaoshuka. Kundi la Cornell lilipofanya hivyo kwa asetilini, kilele kilihama kutoka meV 358 hadi meV 266. Uwiano ni 1.35. Kwa nini si 1.41, kipeuo cha pili cha 2? Kwa sababu kaboni nayo husogea kidogo upande wa pili. Ukikokotoa kwa uzito uliopunguzwa wa jozi hiyo unapata 1.36, na kinachobaki ni kwamba kifungo halisi si springi kamili. Katika mfano wa haidrojeni kati ya platinamu, ambapo molekuli nzima husogea, uwiano unaotarajiwa kati ya haidrojeni na deuteriamu ni 1.41, na kwa molekuli mchanganyiko yenye moja ya kila aina ni 1.22. Kilele cha karibu meV 64 kilifuata mwelekeo huo.

*Mvuto.* Ukiwa na waya wa kuvunja, livute pengo kidogo kidogo. Mtetemo unaokwenda sambamba na mhimili hulegea na kushuka nishati. Ule unaokwenda kukata mhimili hukazika na kupanda, kama uzi wa zeze unaokazwa. Ukijua unaelekea wapi, umejua pia aina ya mtetemo.

*Upana.* Rudia hesabu ya Hatua ya 2. Ongeza jotoridi au kimo cha wimbi kwa makusudi, uone kama kilele kinapanuka kwa kiasi ulichokokotoa.

Jambo moja la kukumbuka hapa. Infraredi ina sheria kali kuhusu mitetemo inayoonekana na isiyoonekana. Mkondo wa umeme hauna sheria kali namna hiyo, una mielekeo tu: mitetemo inayosogeza atomu kwenye njia ya elektroni hujitokeza zaidi. Kwa hiyo mtetemo ukikosekana kwenye mchoro wako, usiandike kwamba molekuli haina kifungo hicho.

Hatua ya 7: Usishtuke kilele kikigeuka bonde

Wengi hufundishwa kwamba mtetemo huongeza upitishaji, kisha wanapima na kuuona ukishuka, na kudhani wamekosea nyaya. Huenda hawajakosea.

Pengo linapopitisha kidogo, elektroni nyingi hurudi zilikotoka. Mtetemo huwafungulia wachache njia ya ziada ya kuvuka, na upitishaji hupanda. Lakini pengo linapokaribia 1 G₀, kama lile la haidrojeni na platinamu, karibu kila elektroni inayoweza kwenda mbele tayari inakwenda. Elektroni ikipoteza nishati kwa mtetemo, hukuta nafasi za mbele zenye nishati hiyo zimeshakaliwa na wengine, na inabaki na njia moja: kurudi. Upitishaji hushuka.

Kwa njia moja iliyoshikwa sawasawa pande zote, mpaka kati ya hali hizo mbili uko karibu na nusu ya G₀. Kundi la Leiden lilionyesha pande zote mbili za mpaka huo mwaka 2008 kwa molekuli za maji kati ya platinamu. Hata hivyo bonde huweza kutokea pia kwenye upitishaji mdogo sana, pale ngazi ya elektroni ya molekuli inapokuwa karibu na nishati ya metali: oksijeni juu ya fedha, iliyopimwa na kundi la Ho mwaka 2000, ilionyesha kushuka kwenye meV 82. Kwa hiyo andika daima thamani ya upitishaji, G, pamoja na kila mchoro. Mchoro bila thamani hiyo hauwezi kufasiriwa.

Hatua ya 8: Hesabu kwanta zinazoingia na zinazotoka

Sasa tunageukia nusu ya pili ya kanuni: mkondo na wingi. Hesabu hii ni fupi, na kila mtu anayezungumzia joto la molekuli anapaswa kuifanya kwanza.

Mkondo wa nanoampea 1 ni elektroni bilioni 6.24 kwa sekunde, yaani moja kila pikosekunde 160. Tuseme moja katika mia huacha kwanta. Molekuli hupokea kwanta moja kila nanosekunde 16. Je, kwanta hukaa muda gani? Kwa molekuli iliyolala juu ya metali, mtetemo wa juu kwa kawaida hupoteza nishati yake ndani ya pikosekunde chache, kwa kuikabidhi kwa elektroni za metali. Kaboni monoksidi juu ya shaba huchukua takriban pikosekunde 2. Zidisha kasi ya kuingia kwa muda wa kukaa: jibu ni karibu 0.0001. Karibu wakati wote molekuli imetulia kabisa. Kila kwanta hufa kabla ya nyingine kufika.

Panda hadi mikroampea 1 na jibu ni karibu 0.1. Hapo huwezi tena kuipuuza. Kwenye mikroampea 10 molekuli ina kwanta zaidi ya inazoweza kuzitupa kwa utulivu, na vifungo dhaifu huanza kukatika.

Kosa la kawaida ni kuzidisha mkondo kwa volteji na kusema nguvu yote hiyo imeingia kwenye molekuli. Sivyo. Elektroni nyingi huvuka na nishati yao nzima na kuimwaga ndani ya metali, mbali na pengo. Kinachoipasha molekuli ni ile sehemu ndogo iliyobaki, na kinachoipoza ni jinsi ilivyoshikamana na metali. Molekuli iliyotenganishwa na metali kwa utando mwembamba wa kihami huhifadhi kwanta zake muda mrefu zaidi, na kwa hiyo huvunjika kwa mkondo mdogo zaidi.

Hatua ya 9: Tumia mtetemo kuisogeza au kuivunja molekuli

Kwanta zikilundikana kabla ya kutoweka, molekuli hupanda ngazi, kidato baada ya kidato, mpaka nishati itoshe kukata kifungo au kuruka mahali pengine. Kipimo kizuri cha jambo hili kilifanywa mwaka 1997 kwa oksijeni juu ya platinamu, na utaratibu wake unaweza kurudiwa kwa molekuli nyingine.

Weka ncha juu ya molekuli na uzime urekebishaji wa urefu. Weka volteji moja, na rekodi mkondo dhidi ya muda. Molekuli ikivunjika au ikihama, mkondo hubadilika ghafla. Andika muda uliopita. Rudia kwa molekuli nyingi mpya. Mgawanyo wa muda huo hushuka kwa umbo la ekisponenti, na unakupa kasi moja ya wastani. Badilisha mkondo kwa kusogeza ncha karibu au mbali, bila kugusa volteji. Kisha chora logi ya kasi dhidi ya logi ya mkondo. Mteremko wa mstari huo ni idadi ya elektroni zinazohitajika kushirikiana.

Kwa oksijeni mteremko ulikuwa karibu 0.8 kwenye volti 0.4, karibu 1.8 kwenye volti 0.3, na karibu 2.9 kwenye volti 0.2. Yaani elektroni moja ilitosha juu, mbili katikati, tatu chini. Kila elektroni inapokuwa na nishati ndogo zaidi, ndivyo inavyohitaji wenzake kufika haraka kabla kwanta ya kwanza haijafa. Sijui kipimo kingine kinachoonyesha wazi hivi jinsi volteji na mkondo vinavyogawana kazi.

Unaweza pia kulenga. Kaboni monoksidi juu ya paladiamu huruka pembeni pale elektroni zinapoamsha kujinyoosha kwa kifungo chake, ingawa kujinyoosha huko kwenyewe hakuelekei pembeni. Nishati huingia kwenye mtetemo mmoja na kuvujia kwenye mwingine.

Kila baada ya kupandisha volteji, rudi kwenye volteji ndogo ya mwanzo na upime upitishaji tena. Umebadilika? Basi unachopima sasa si molekuli uliyoanza nayo, na data ya baada ya hapo iwekwe kando.

Hatua ya 10: Elektroni inapotua badala ya kupita

Mpaka hapa elektroni zimekuwa zikipita upesi. Katika transista ya molekuli moja mambo hubadilika. Geti huivuta ngazi ya molekuli hadi elektroni inaweza kutua, kukaa kidogo, kisha kuondoka. Ikitua, molekuli hupata chaji na umbo lake hubadilika kidogo. Ikiondoka, umbo hurudi. Kila kutua na kuondoka ni msukumo.

Kundi la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha hili mwaka 2000 kwa C60 juu ya dhahabu: mpira mzima ulitetema kwa meV 5, zaidi ya mara trilioni 1 kwa sekunde. Mwaka 2005 molekuli ya C140, ambayo ni mipira miwili iliyounganishwa, ilionyesha mtetemo wa meV 11, wa mipira hiyo kukaribiana na kuachana.

Hapa huchori mstari mmoja. Pima upitishaji kwa kila mchanganyiko wa volteji na geti, uchore ramani ya rangi. Utaona maumbo ya almasi ambamo hakuna mkondo, na nje yake mistari sambamba na kingo. Umbali wa mstari kutoka ukingoni, ukisomwa kwenye mhimili wa volteji pale mstari unapogusa almasi, ndio nishati ya mtetemo. Mistari yenye nafasi sawa ni kwanta moja, mbili, tatu.

Ukali wa mistari una habari yake. Kama namba g inapima jinsi umbo linavyobadilika elektroni ikitua, uwezekano wa kuacha kwanta n ni e⁻ᵍ mara gⁿ, ukigawanywa kwa faktoria ya n. Kwa g ya 1, uwezekano wa kutua bila kuacha kwanta ni asilimia 37. Kwa g ya 4 ni chini ya asilimia 2: elektroni hukataliwa kwenye volteji ndogo hata geti likiwekwa sawasawa, na mkondo hufunguka volteji inapotosha kulipia kwanta kadhaa kwa mkupuo. Hali hii ilipimwa mwaka 2009 kwenye neli za kaboni zilizoning'inizwa.

Mistari kama hiyo inaweza pia kutoka kwa ngazi za elektroni au kwa spini (tabia ya kisumaku ya elektroni), kwa hiyo itenganishe hivi. Mstari wa mtetemo hujitokeza kwa nishati ileile pande zote mbili za nukta ya chaji, pale almasi mbili zinapokutana, kabla na baada ya elektroni kuongezwa, kwa kuwa atomu ni zilezile. Washa sumaku ya tesla kadhaa: mstari wa spini hugawanyika au huhama, wa mtetemo hubaki mahali pake. Kisha pima kifaa cha pili na cha tatu cha molekuli hiyohiyo. Nishati za ngazi za elektroni hutofautiana kutoka kifaa hadi kifaa kwa sababu pengo halifanani kamwe. Mtetemo wa ndani ya molekuli unapaswa kurudi karibu palepale, na mtetemo wa molekuli nzima juu ya metali utasogea kidogo tu kulingana na ilivyokaa.